Kotlin kuiita C++: gharama iko mpakani

Watu wakisikia apu ya Android imeandikwa kwa lugha mbili za programu, Kotlin juu na C++ chini, wanajua itapaa tu, si C++ ina spidi. Spidi ipo, sibishi, ila kila Kotlin ikiiita C++ inapita JNI, njia ya kuziunganisha iliyokuja na Java tangu 1997, na kupita pale si bure. Weka fanksheni ya kujumlisha namba mbili upande wa C++ af uiite mara laki moja ndani ya lupu, unaweza kukuta Kotlin peke yake ingemaliza mapema. Ila ukiipa picha nzima ikaichakata yote ndo irudishe jibu, hapo faida unaiona kabisa.

Na wanaotetea C++ wana hoja nzito. Maktaba za video na picha kama FFmpeg na OpenCV zimeshapimwa miaka na miaka, nani akae aandike upya kudekodi video kwa Kotlin? Af kodi ileile unaipeleka iOS, unabadilisha ile ya juu tu.

Shida ni siku ikiharibika. Kosa la Kotlin unalidaka kwa try na catch, la C++ likigusa memori isiyo yake apu nzima inazima hapohapo na ripoti inakuletea namba za anwani tu kama hukutunza simboli, yaani majina ya fanksheni zako. JNIEnv, kiungo ambacho C++ inakitumia kuongea na Kotlin, ni ya tredi moja (mkondo mmoja wa kazi), ukiibeba kwenda tredi nyingine umejitakia. NewStringUTF, inayogeuza maandishi ya C++ kuwa ya Kotlin, nayo inataka UTF-8 (mpangilio wa herufi) ya aina yake, mtumiaji akiweka emoji kwenye jina unaanza kutafuta mchawi. Halafu R8, zana inayobana apu kabla ya kuitoa, hii ndo ilinila siku mbili nzima: inabadilisha jina la metodi ambayo C++ inaitafuta kwa jina, kwahiyo kwenye debagi (toleo la majaribio) kila kitu safi, kwenye rilizi (toleo la watumiaji) inakufa, na dawa yake ni mstari mmoja wa keep, wa kuiambia jina hilo isiliguse!

Mi nikilazimika, ule mpaka wa Kotlin na C++ naufanya mwembamba, fanksheni tano sita basi, na data kubwa napitisha kwa ByteBuffer ya moja kwa moja, eneo la memori ambalo pande zote mbili zinaliona, ili isinakiliwe kila ikivuka. Unabaki na kazi ya kujenga .so (faili la C++ iliyokwisha kompailiwa) kwa kila aina ya prosesa, na tangu Agosti 2019 Google Play inataka ya biti 64 iwemo.

Lakini apu ya kujaza fomu na kuvuta data kwenye seva, sijui C++ inaenda kufanya nini humo.