Chandarua cha Harusi

Mimi na mke wangu tulikubaliana kwamba kabichi za nyuma ya nyumba hazipigwi dawa, kwa sababu watoto wakipita huchuma jani na kulitafuna palepale. Miche 80, na baridi hii yetu ya Lushoto, ikashika vizuri. Wiki ya tatu nikaanza kuona nondo. Si nondo za ujenzi, hawa ni vipepeo wadogo wa kijivu, urefu wa punje ya mpunga, wakikunja mabawa wanaonyesha alama za almasi zimepangana mgongoni. Wanataga kwenye kabichi na ukoo wake wote, sukuma wiki ikiwemo.

Nilishasikia kiboko yao ni chandarua. Vile vya kliniki vimetiwa dawa, nami nimeapa bila dawa. Kikabaki kimoja tu: cha harusi yetu, cheupe, chenye lesi. Mwenyewe alikuwa kasafiri kwenda Korogwe. Nikachomeka miti, nikatandaza, kingo nikazifukia kwa udongo.

Mzee jirani akasimama njiani, akatazama weee.

"Mwalimu, kabichi zako zinaumwa malaria?"

Nikamwacha acheke. Jioni nikatoa kigoda na chai, nikakaa kuwatazama nondo wakigonga chandarua na kushindwa. Raha tupu. Nilikuwa kikombe cha pili nilipogundua kwamba wanagonga kutoka ndani.

Mayai yalikuwa yameshatagwa zamani. Kumbe chandarua hufungwa siku ileile unapohamisha miche, na kitaluni kwenyewe kuwe kumefunikwa. Mimi nimekuja wiki ya tatu, nimewafungia mlango walale unono. Nyigu na ndege wanaokula viwavi wako nje, wanazungukazunguka kama watu waliokataa kuchanga wakanyimwa kadi. Ukumbini kumejaa, na chakula hakijaisha.

Nikapata akili nyingine, kama ni akili. Nikamwingiza mtetea na vifaranga wake saba. Mwanzoni alichapa kazi: kiwavi akiguswa anafurukuta kinyumenyume, anajiachia kutoka kwenye jani akining'inia kwa uzi, kuku anamdaka hewani. Nikajisifu. Halafu akaonja kabichi. Nadhani maisha yake yote hakuna aliyemwambia kuna kitu kama kabichi, maana aliacha viwavi wote akaanza kuchimba moyo wa mche mmoja baada ya mwingine.

Nilipopenyeza mkono kumtoa, akapiga ukelele, akang'oa miti miwili, akachomoka na chandarua kichwani. Lesi inaburura vumbini, vifaranga saba nyuma kama wasindikizaji. Akashika barabara. Bodaboda iliyokuwa inakuja ikafunga breki mbele ya bibi harusi.

Abiria alikuwa mke wangu.

Hakuuliza kuku ana nini. Aliuliza, "Hicho si cha kwetu?"

Siku hizi alfajiri naokota viwavi kwa mkono, natumbukiza kwenye kopo la maji ya sabuni. Kabichi 31 zinaendelea kufunga. Juzi nimegeuza jani nikakuta mmoja kanizidi mbio: ameshajisokotea kifuko cha kugeukia nondo, cheupe, matundu madogomadogo, chandarua kabisa. Nikamwita mke wangu aje aone maajabu.

Akainama, akakitazama kwa makini.

"Huyu angalau kafuma cha kwake."