Rejista ya TB inafungwa mapema mno

Mjomba wangu alikuwa na mbinu yake. Akitoka Kariakoo na mkokoteni, akishavuka Jangwani na kuanza kupanda kwenda Magomeni, kila baada ya hatua chache anasimama, anainama, anaminya tairi kwa kidole gumba. La kulia, la kushoto, halafu la kulia tena. Siku moja nikamwambia, "Mjomba, si ubadilishe tu hizo tyubu?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika mkokoteni kwa mikono miwili mpaka kilipotulia. Tairi zilikuwa nzima. Aliyeishiwa upepo ni yeye.

Wakati huo alikuwa amepona TB. Amepona kwa maana ya kadi: alimeza dawa miezi 6 bila kuruka siku, makohozi ya mwisho yakatoka safi, nesi akampa mkono wa pongezi. Nyumbani tulipika pilau. Haikupita miezi minne akarudi kituoni kulalamika kifua kinambana. Wakampiga picha, wakaona mabaka, wakamwanzishia dozi upya bila kupima makohozi. Miezi 6 mingine ya vidonge, na tairi zikaendelea kuminywa.

Kituo sikitaji, wala sina hamu ya kumsulubu daktari aliyemwona. Mapafu yaliyopitiwa na TB yanadanganya hata wazoefu. Kovu la zamani kwenye picha linafanana sana na ugonjwa mpya. Hata GeneXpert, mashine tunayoisifia, inatafuta vinasaba vya bakteria, kwa hiyo kwa mtu aliyetibiwa karibuni inaweza kuokota vya bakteria waliokwisha kufa. Uhakika unapatikana kwa kuotesha makohozi maabara na kuona kama kuna kinachoota, na hilo huchukua wiki kadhaa. Mgonjwa anakohoa mbele yako, foleni imefika getini, utafanyaje? Unaandika dozi.

Mimi ninagombana na rejista.

Rejista hiyo, kwa taarifa yako, ina jasho letu ndani yake. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu kwa msaada wa Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Cheki ambaye mwenyewe aliugua TB akiwa mfungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wazo lilikuwa rahisi na kali: kila mgonjwa aandikwe, afuatiliwe, na mwisho wake ujulikane. Amepona, amemaliza dawa, amefariki, ametoroka. Hakuna kupotea hewani. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mkakati wa DOTS, yaani mgonjwa kumeza dawa akisimamiwa na kufuatiliwa, katikati ya miaka ya 1990, sehemu kubwa ya mafunzo yake ilikuwa imetoka hapa. Ni jambo la kujivunia, nami ninajivunia. Lakini rejista inakoma pale neno "amepona" linapoandikwa, na pale ndipo shida ya mjomba ilipoanzia.

Wala si mjomba peke yake. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanyika Dar es Salaam, ambapo wagonjwa 501 wa TB ya mapafu waliokuwa wamefika angalau wiki ya 20 ya matibabu walipimwa nguvu ya pumzi. Watu 371 kati yao, yaani asilimia 74, walikuwa na kasoro. Wengi njia zao za hewa zilikuwa zimebana kama za mwenye pumu, wengine mapafu yalikuwa yamesinyaa, na wengine walikuwa na yote mawili. Blantyre, Malawi, walifuatwa watu wazima 405 kwa mwaka mzima baada ya kumaliza dozi, na takriban theluthi moja walianza mwaka huo wakiwa na vipimo vya pumzi visivyo vya kawaida. Mbeya nako watafiti wetu, wakishirikiana na wenzao wa Gambia, Msumbiji na Afrika Kusini, wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa tangu siku ya kwanza ya dawa ili kuona madhara yanaingia lini.

Kinachonishangaza zaidi ni chanzo cha madhara yenyewe. Mdudu wa TB si mharibifu peke yake. Sehemu kubwa ya ubomoaji inafanywa na askari wa mwili wetu, yaani chembe za kinga, ambao katika kumsaka adui wanamwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha nyuzi zinazolishikilia pafu. Wanaichoma nyumba ili wamtoe mwizi. Dawa zinamuua mwizi, kuta hazijengi. Afrika Kusini wamejaribu kuongeza dawa za kuwatuliza askari hao sambamba na dozi ya kawaida, na matokeo ya mwanzo ya mwaka 2021 yalionyesha baadhi ya wagonjwa walipata pumzi nzuri zaidi kuliko waliopewa dozi peke yake. Ni jaribio dogo bado, la kufuatilia bila kushangilia.

Na kuta zilizobomoka huwa zinapata wapangaji. Gulu, kaskazini mwa Uganda, waliwachunguza watu waliowahi kutibiwa TB, wakakuta karibu asilimia 5 wana maambukizi sugu ya fangasi kwenye mapafu. Mtu wa namna hiyo anapungua, anakohoa, pengine anatema damu. Ukimkuta kijijini utaapa TB imerudi.

Sasa naijua hoja nitakayopigwa nayo: vipima pumzi ni ghali, zahanati haina hata gozi, wewe unaleta habari za spairometa. Sawa. Basi tuanze na kisichohitaji zabuni. Kumtembeza mtu dakika 6 kwenye korido na kupima amefika umbali gani kunataka saa, futi kamba na nesi mwenye subira. Kile kidude cha kubana kidoleni kusoma oksijeni, tangu UVIKO-19 si kigeni tena. Miongozo ya kimataifa iliyotoka 2021 inataka kila anayemaliza dawa za TB atathminiwe mapafu kabla hajaagwa. Ninachoomba ni safu moja zaidi kwenye rejista: pumzi yake ikoje leo? Akirudi baada ya miezi minne anahema, kuna kitu cha kulinganisha, na huenda akaepuka dozi isiyo na kazi.

Wengine huuliza, ukishajua, utamfanyia nini? Swali zuri, na ukweli ni kwamba kabati la dawa halijajaa. Majaribio mengi ya dawa za kuvuta kwa ajili ya mapafu yaliyobana yaliwaacha nje watu wenye historia ya TB, kwa hiyo tunakisia. Lakini pale hospitali ya Mulago, Kampala, watu 34 waliokuwa na mapafu ya namna hii waliingizwa kwenye mazoezi yaliyopangwa kwa wiki 6, na waliomaliza walitoka wakitembea vizuri zaidi. Mazoezi tu! Hakuna sindano hapo. Mtaalamu wa fiziotherapia mmoja kwa wilaya ningemwona wa thamani kuliko semina tatu.

Mjomba alimpata wake kwa bahati, kwa kufahamiana na mtu. Alfajiri, kabla ya chai, anakaa kwenye kigoda uani, anavuta pumzi polepole, anaishika, kisha anaiachia kwa "haa" ndefu kama mtu anayetaka kufuta kioo, mara kadhaa mpaka makohozi yapande. Mjukuu wake anakaa pembeni anamuigiza, wote wawili midomo wazi. Sigara ameacha. Mizigo ya saruji amewaachia vijana, yeye anabeba magunia ya vitunguu na kabichi.

Juzi nilimsindikiza. Pale kwenye mwinuko wa Magomeni alisimama mara mbili, mikono kwenye mpini, akihema. Tairi hakuzigusa.