Sikulia, Ilikuwa Pilipili

Kwanza tuwekane sawa: sikulia. Najua ile sauti iliyorekodiwa imeshafika hadi kwa shangazi yangu Tanga, maana leo asubuhi amenipigia kuuliza kama "huko nyuma kumepoa". Aliyeirusha ni jirani yangu wa ukuta mmoja. Dakika 2 na sekunde 40, nusu nzima anacheka, na mwishoni anasema jamaa kalia kama mtoto. Macho yalitoa maji, basi. Ukikalia pilipili mbuzi na macho yanashiriki msiba. Haya, sikilizeni sasa habari kutoka kwa mwenye kidonda.

Mnajua sisi wa Goba, hapa Dar, tuna uwanja wetu wa pikoboli. (Kwa mliojiunga juzi: ni ule mchezo wa vibao na mpira wa plastiki wenye matundu. Ulianza 1965 kwenye kisiwa cha Bainbridge kule Marekani, wazee fulani wakitafuta cha kuwatoa familia zao uvivu. Wangejua utafika Goba na kunifanya hivi wangewaacha walale.) Mzee wetu mmoja, mstaafu, fundi umeme wa kiwandani maisha yake yote, alitupa sakafu yake ya zege tukachora mistari: mita 13.4 kwa 6.1. Tatizo lilikuwa moja. Mpaka mtu atoke mjini, apite foleni, avae raba, giza limeshaingia. Tukachangishana laki tisa za taa, na kazi nikapewa mimi kwa sababu niliwahi kubadilisha holda mbele za watu.

Mzee aliniita pembeni. "Kijana wangu, usidanganywe na wati. Wati ni umeme unaoliwa, mwanga wenyewe ni lumeni. Na nguzo zikae ubavuni mwa uwanja, ziende juu mita 6. Ukiziweka nyuma ya wachezaji, mtu akiangalia mpira wa juu anakutana na taa uso kwa uso."

Nikamwitikia "sawa Mzee" kama mtu anayeambiwa abebe mwamvuli mwezi wa nane.

Kariakoo nikakutana na kijana ana maneno matamu kuliko halua. Taa za sola, kila moja 55,000, boksi limeandikwa wati 600 kwa herufi nyekundu. "Bosi, habari za LUKU utazisahau." Paneli yake ilikuwa sawa na daftari la mwanafunzi. Wati 600 kutoka kwenye daftari! Na mimi nimesoma, jamani, nina cheti. Nikabeba sita, laki tatu na thelathini, chenji nikairudisha kwenye kundi na picha ya risiti juu. Wakaniita Waziri wa Nishati. Nililala na kile cheo kwa raha siku nne.

Nguzo nikanunua mirunda ya mita 4. Nikaisimamisha wapi? Pembeni nyuma, kwenye kona, kwa sababu kulikuwa na ukuta wa kuifungia. Endeleeni kucheka, mimi naandika nimesimama.

Jumamosi ikawa uzinduzi. Familia zote, sufuria la pilau, mishikaki, na beseni la kachumbari lililokatwa tangu alasiri. Akina mama wakauliza liwekwe wapi. Nikaonyesha kigoda nyuma ya uwanja: "Hapo, panaonekana." Ni mimi niliyesema. Jirani kwenye sauti yake hakulitaja hili, nalitaja mwenyewe, mwaone nilivyo mkweli.

Saa moja kasoro robo taa zikawaka. Mwanga mweupe wa kibluu, sote tukafanana na watu waliotoka kwenye friji, lakini makofi yalipigwa. Mzee akanisogelea na kikombe chake cha chai. "Na sensa je, umeishughulikia?"

Nikamjibu, kwa heshima kabisa: "Nilihesabiwa, Mzee. Agosti 2022, mimi na familia yote."

Akanitazama kwa muda. Akanywa chai.

Sasa mechi. Mimi na dada mmoja wa mtaa wa pili, dhidi ya jirani na mkewe. Tuko 9 kwa 8, tumeshakaribia wavu. Pale mbele kuna ukanda wa kama mita 2 unaitwa jikoni, huruhusiwi kupiga mpira hewani ukiwa umeukanyaga. Basi watu mnasimama ukingoni mnaubembeleza mpira: tok, tok, tok. Kinachosogea ni viganja tu, mwili mzima umekauka. Ni hapo taa moja nyuma yangu ikaanza kusinzia. Ikafuata ya pili. Nikadhani ni macho yangu, si unajua umri.

Jirani akaunyanyua mpira juu. Nikainua uso kuufuata, na mpira ukaingia katikati ya taa ya kona ya kwao, ukayeyuka. Nikaona kijani. Nikaanza kurudi nyuma, kibao juu, napiga kelele "Wangu! Wangu!" na nilipofungua mdomo kwa "wangu" wa tatu, ile taa nayo ikajifia.

Giza.

Nikasikia mpira unadunda mbali sana, upande ambao sikuwepo. Nikasikia mtoto anauliza, "Mama, wameenda wapi?" Kisha kisigino changu kikaonana na kigoda.

Niwaambie ukweli, mwanzo ilikuwa raha. Ubaridi. Nyanya, vitunguu, ndimu, kwenye kaptula nyepesi nyeupe, baada ya joto la siku nzima. Kuna sekunde niliwaza, mbona si vibaya. Beseni lilikuwa la plastiki, likajikunja likanishika kiuno sawasawa, kama poti la mtoto. Watu kimya, wanasikiliza. Kisha sauti ya Mzee, taratibu, kutoka gizani: "Pungeni mikono."

Nami ni mtiifu. Nikiwa humo humo beseni, nikainua mikono yote miwili nikapunga.

Ikawaka taa moja. Iliyo juu yangu. Uwanja mzima giza, kona moja kweupe pe, na katikati yake mimi, nimekaa, mikono juu kama niko kwenye kwaya, kipande cha kitunguu kwenye goti. Sensa ikanihesabu: mtu mmoja.

Na ndipo pilipili ikabisha hodi.

Yaliyofuata hayana maana. Nilikimbia, maji yakazidisha, mama mmoja akaniletea mtindi nusu lita na sitasema ulikwenda wapi. Pilau ililiwa bila kachumbari. Rimoti ilikuwa bado ndani ya boksi, kwenye nailoni yake. Mzee akabonyeza mara moja taa zikatulia, akanieleza kwamba sensa ni kile kidude kwenye taa kinachonusa joto la mwili linalosogea, na zege lililochomwa jua kutwa lina joto kama letu tu, kwa hiyo usiposogea sana hakikuoni, taa inajizima. Zilidumu saa moja na nusu, betri zikaisha. Hela iliyobaki amekabidhiwa yeye, na nguzo za chuma zinachomelewa wiki hii, mita 6, ubavuni.

Jana nikampigia yule kijana wa Kariakoo nimweleze machungu yangu.

"Bosi, kwani haziwaki?"

Zinawaka.

"Sasa?"