Shahada ya mahusiano kazini haivuki mpaka

Kila majira ya mahafali yakifika, vijana wa nyumbani huniandikia wakiuliza kama shahada ya mahusiano kazini, niliyoisomea Dar es Salaam, ina soko huku Ujerumani. Jibu langu halijawahi kuwapendeza: haina, kwa sababu tulichofundishwa ni sheria za kazi za Tanzania, na huku hazina wa kuzihitaji. Mimi mwenyewe napanga mizigo ghalani.

Humo ghalani ndimo nilimoiona taaluma yangu ikifanywa na mtu asiyeisomea. Mwenyekiti wa baraza letu la wafanyakazi, chombo kinachowawakilisha wafanyakazi mbele ya mwajiri, ni fundi umeme aliyepigiwa kura na wenzake, na kwa kuwa tumezidi watu 200, sheria inamwondoa kwenye kazi za ufundi ili ashughulikie baraza tu, huku mshahara wake ukiendelea kama kawaida. Mwajiri akimwachisha mtu kazi bila kulisikiliza baraza kwanza, uamuzi huo ni batili.

Nyumbani nilikuwa afisa rasilimali watu, cheo kitamu kukitamka, ingawa kutwa nilijaza fomu za likizo na kuchapa barua za onyo ambazo bosi alikwisha kuziamua. Siku moja alinijia dereva aliyefukuzwa kwa mdomo getini, bahasha ya kaki mkononi. Nilipohesabu tarehe, siku 34 zilikuwa zimepita, nazo kanuni zinampa siku 30 tu kufikisha mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, labda aombe kuongezewa muda na atoe sababu za kuchelewa. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mimi nilijua, lakini nililipwa na upande wa pili.

Kwa maoni yangu, wahitimu wetu wanabisha hodi kwenye mlango mmoja tu, ule wa mwajiri, na kuupita ule wa wafanyakazi na vyama vyao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mfanyakazi kuwakilishwa kwenye usuluhishi na kiongozi wa chama chake, wakili, au mtu yeyote aliyemchagua mwenyewe. Tena chama ambacho wanachama wake ni zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaohusika kinaweza kudai majadiliano ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, ambao hauandikwi na mtu asiyejua kusoma hesabu za kampuni. Malipo ni madogo mwanzoni, sikatai, maana mfuko wa chama ni michango ya wanachama.

Wiki iliyopita mmoja aliniuliza habari za viza. Nilimshauri aanzie kwenye matawi ya vyama viwandani, kando ya Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam, akiwa na nakala ya kanuni mkononi. Hajanijibu.