Mbwana ya M, Mbwana ya N

Huu ni mwaka wangu wa nne Japani na ubini wangu bado haujatulia. Nyumbani Mbwana ni Mbwana. Hapa benki moja imeniandika Mubuwana, nyingine Nbuwana. Mwezi wa kwanza wa kazi mpya, karani wa mishahara aliandika tahajia ya N kwenye akaunti ya M, pesa zikarudi zilikotoka. Kodi ya nyumba nililipa kwa kukopa.

Kadi ya ukaazi huandikwa jina kwa herufi za Kirumi, kama lilivyo kwenye pasipoti. Lakini Zengin, mtandao unaounganisha benki za huku tangu 1973, hupeleka jina la mpokeaji kwa katakana, herufi za Kijapani za silabi zinazotumika kuandika maneno ya kigeni. Kwa hiyo mtu wa kaunta hulisoma jina lako, akaliandika anavyoona linatamkwa. Sisi Waswahili tuna nafuu, maana silabi zetu huishia na irabu kama zao: Juma hubaki Juma. Hamisi huwa Hamishi. R na L kwao ni kitu kimoja, na kwa hilo baadhi yetu hatuna haki ya kuwacheka. Balaa liko kwenye Mb na Nd.

Majina kulinganishwa sina ugomvi nako; matapeli wapo. Ninachokataa ni kila karani kunibatiza upya, kisha kosa nibebeshwe mimi. Hata Wajapani wenyewe, kanji moja, yaani herufi zao zenye asili ya Kichina, yaweza kusomwa kwa namna kadhaa, na ni tangu Mei 26, 2025 tu ndipo sheria ikaanza kutaka matamshi ya jina yaandikwe kwenye koseki, daftari lao la familia. Wageni hatumo katika daftari hilo. Basi kadi yetu ya ukaazi iongezwe mstari mmoja wa katakana, mwenye jina aamue lisomwe vipi, na benki zote zifuate hivyo.

Kwa sasa, wewe unayekuja, chagua tahajia moja siku ya kwanza na usiibadilishe hata ikikukera. Piga picha ukurasa wa mwanzo wa kitabu cha benki, penye katakana, umpe mwajiri hiyo picha. Usimtajie jina kwa mdomo.

Mimi nimebaki na Mubuwana. Ile akaunti ya N nitaifunga nikipata ruhusa kazini, maana madirisha ya benki huku hufungwa saa tisa alasiri.