Mjomba Amwaga Mishipa Msituni

Vifaa vya kinga tulivyogawiwa kule Mufindi havikuwahi kukosa kazi. Tatizo ni kwamba vyote viliajiriwa nyumbani, hakuna kilichobaki msituni.

Mjomba wangu ni opareta wa chenso, ule msumeno wa mnyororo wa petroli, nami ni saidia fundi wake: nabeba dumu la petroli, kabari, tupa ya kunolea na lawama zote. Tunaangusha milingoti, yaani mikaratusi, na mipaina kwenye mashamba ya watu karibu na Mafinga, magogo yanakwenda kwa wenye dingdong, zile mashine za kupasulia mbao. Mwenye shamba mmoja, aliyechoka kuona vijana wakirudi kwake na nyuzi za hospitali, ndiye aliyemleta mkufunzi na furushi la vifaa.

Mkufunzi alifundisha vizuri, Mungu anaona. Chenso huwashwa ikiwa chini, mguu ukanyage mshikio wa nyuma, breki ya mnyororo imefungwa. Usikate kwa ncha ya upanga wake, itakurukia usoni. Usikate juu ya bega. Petroli lita moja, oili mililita 20, na zipimwe kwa chombo cha kupimia. Mjomba, ambaye hupima kwa kifuniko cha soda, akawa anaitikia, "Sahihi kabisa, mwalimu." Gari la mkufunzi halijamaliza kona, akainyanyua chenso hewani kwa mkono mmoja na kuvuta kamba kwa mwingine.

Vifaa vikapelekwa nyumbani. Wavu wa usoni ukabanduliwa kwenye kofia ukazibia tundu la banda la vifaranga, na kusema kweli kicheche hakupita tena. Glavu zikawa za kuepulia sufuria. Vizibo vya masikio akavichukua mkewe, akawa analala navyo. Nilipomwambia mkufunzi kasema chenso hupiga kelele za zaidi ya desibeli 100, akanijibu kwamba huyo mkufunzi hajawahi kulala nyumba moja na mjomba wako.

Ikabaki suruali. Ile suruali ndani ina tabaka za nyuzi ndefu nyeupe, nayo ni nzito. "Hii si suruali, ni godoro," Mjomba alisema. Lakini Julai ya Mafinga unaijua? Alfajiri, ukungu hadi magotini, uko juu ya pikipiki, upepo unakuuliza jina la ukoo. Mjomba akagundua kwamba godoro lile linakata baridi. Basi akawa anaivaa njiani tu. Tukifika shambani anaivua, anaitundika kwenye usukani isichafuke, anabaki na kaptula na ndala, anaanza kukata miti.

Siku ya tukio ukungu uligoma kuondoka, na baridi ilikuwa ya kutoa machozi. Mjomba akasema ataivua jua likitoka. Halikutoka.

Tulikuwa tunapogoa matawi ya mlingoti ulioanguka. Sasa, magamba ya mlingoti yakilowa huteleza vibaya sana. Na Mjomba ana tabia ya kuvuka gogo huku mnyororo bado unazunguka, kwa sababu kusukuma breki, kitu cha kupiga kwa kifundo cha mkono tu, ni kupoteza muda. Akavuka. Ndala ikabaki upande mmoja, yeye akaenda upande mwingine, na chenso ikamlalia pajani.

Kukawa kimya. Injini ilizima papo hapo.

Mjomba akatazama chini. Kutoka pajani yalikuwa yamechomoza manyuzi meupe, marefu, mengi, yameingia mpaka ndani ya chenso.

"Mishipa yangu!" akapiga ukelele uliosikika mpaka kwenye dingdong. "Imetoka yote!"

Akajilaza, akaanza kuusia. Chenso apewe mdogo wake. Pikipiki iuzwe, watoto wasome. Deni lake kilabuni la ulanzi nisilitaje msibani.

"Mjomba," nikasema, "mbona hakuna damu?"

"Imeganda kwa baridi, mpumbavu wewe!"

Wapakiaji wa magogo wakaja mbio na ubao wa mbili kwa kumi, tukamlaza juu yake. Hapo ndipo shughuli ilipoanza, maana ile mishipa ilikuwa imemuunganisha na chenso. Mmoja akatoa panga aitenganishe. Mjomba akamshika mkono: "Ukikata hapo sitembei tena maishani!" Nani angethubutu? Tukambeba hivyohivyo, chenso amekumbatia kifuani, petroli inamdondokea shingoni, mpaka zahanati. Akina mama njiani walishika vichwa.

Nesi alitutazama kwa muda. "Kamwene," akasema. "Mgonjwa ni huyu baba, au ni mashine?"

Akachukua mkasi, nyuzi zikaushinda. Mwishowe akamwamuru avue suruali. Mjomba akafumba macho, akavuliwa. Paja lilikuwa zima, lina alama nyekundu tu.

"Sasa, baba, hiyo mishipa unayolilia ilitokea mguu gani?"

Mjomba alifumbua jicho moja. Akajipapasa. Akaomba panadoli hata hivyo, ili safari isipotee bure.

Kazi ya kuikwamua chenso ilikuwa yangu. Nilifungua kifuniko cha pembeni nikakuta nyuzi zimejisokota kwenye gia inayovuta mnyororo hadi hakuna pa kupenya bisibisi. Kumbe ndivyo zinavyofanya kazi: meno yakigusa, nyuzi zinavutwa nje, zinaisonga gia, mnyororo unasimama. Mnyororo wa resi kamili hupita mita 20 kwa sekunde, na bahati ya Mjomba ni kwamba alikuwa ameshaachia resi.

Mkufunzi alisema suruali ikishakatwa haishonwi, inatupwa. Nikamkumbusha Mjomba. "Nitupe? Na pikipiki nipandie nini?" Akaipeleka kwa fundi cherehani sokoni.

Fundi akaitandika kwenye mashine, akakanyaga pedeli. Sindano ikazama mara chache, ikanasa nyuzi, ikazivuta, gurudumu likagoma katikati ya mzunguko na sindano ikakatika vipande viwili. Fundi akaruka nyuma ameshika kidole, anadai fidia ya sindano na ya mshtuko.

Mjomba akanigeukia, uso umemchangamka.

"Umeona?" akasema. "Nilikwambia bado nzima!"