5.1 kwenye boksi, stirio masikioni
Jamani hii ya kununua spika 5 na sabufa yake (ndo hiyo 5.1) halafu zinaongea 2 tu inaudhi sana. Boksi limeandikwa Dolby, limeandikwa DTS, mpaka Atmos, majina yote ya sauti ya kuzunguka, unafunga waya zote, unaweka muvi, spika za nyuma kimyaaa kama zimenuna. Kumbe tivii imesetiwa PCM, yaani sauti isiyobanwa, na PCM ikipita kwenye waya wa optiko, ule wa mwanga, inabeba chaneli 2 basi, sasa hiyo 5.1 ipitie wapi? Mpaka uingie setingi ubadilishe iwe bitstrimu, yaani tivii ipitishe sauti ilivyo bila kuifungua, ndo Dolby Digital ipite, tena hiyo iliyobanwa, mwisho wake kilobiti 640 kwa sekunde, ukitaka TrueHD, ile Dolby isiyopoteza ubora, optiko haiwezi kabisa, lazima HDMI yenye eARC, ile inayotoa sauti kwenye tivii kuipeleka kwenye spika, na tundu lake kwenye tivii huwa moja tu, limejificha nyuma ukutani huko mkono haufiki.

Halafu nani aliamua watu wanong'one ila bomu likilipuka nyumba nzima iruke? Rimoti haitulii, ongeza, punguza, ongeza tena. Eti kuna naiti modi ya kusawazisha sauti, wameificha ndani ya menyu ya menyu, si wangeiwekea kitufe tu!